Kupanga Kukwama: Maandalizi ya Safari ya Gari Katika Jangwa la Chalbi

Safari ya gari jangwani hupangwa vizuri pale mpangaji anapoanza na swali ambalo wengi huliacha hadi mwisho, yaani gari likisimama mahali pasipo na mtu wala mtandao wa simu, waliomo watakaa kwa siku ngapi na nani atajua kuwa wamesimama. Katika barabara kuu ya lami kuharibika kwa gari ni usumbufu tu, kwa kuwa fundi, kivuli na chupa ya maji hupatikana katika mji unaofuata au kwa gari linalopita muda si mrefu. Jangwani kuharibika kulekule, hata kwa sababu ndogo kama mpira wa rejeta uliopasuka, hugeuka kuwa suala la maji na muda. Makala hii inashikilia kwamba kilomita za kwenda ndizo sehemu nyepesi ya mpango, na kwamba fedha, nafasi ndani ya gari na fikra za msafiri zielekezwe kwanza kwenye siku za kukwama. Mfano utakaotumika ni Jangwa la Chalbi katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, pamoja na njia zinazoliunganisha na Ziwa Turkana, kwa kuwa hilo ndilo jangwa ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulifikia kwa gari lake bila kulipakia melini.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Ni tambarare pana iliyo kati ya Mlima Marsabit upande wa kusini-mashariki, Vilima vya Huri upande wa kaskazini na Mlima Kulal upande wa magharibi, na milima hiyo mitatu, hewa ikiwa safi, humfaa dereva kuliko kibao chochote cha barabarani. Katika sehemu kubwa ya bonde hilo tabaka la juu ni udongo laini uliochanganyika na chumvi, ambao wakati wa kiangazi hukauka na kuwa ganda gumu, jeupe na sawasawa, kiasi cha kumshawishi dereva akanyage mafuta kama rubani aliye kwenye njia ya kurukia. Chini ya ganda hilo tope huweza kubaki bichi kwa muda mrefu baada ya mvua, na ganda likipasuka gari huzama hadi kwenye ekseli pasipo onyo. Karibu na North Horr kuna vilima vya mchanga. Kaskazini mwa mji wa Marsabit umetandaa uwanda wa Dida Galgalu, uliojaa mawe meusi ya volkano. Na kusini mwa Loiyangalani mawe ya aina hiyohiyo hurudi tena kando ya ziwa. Kwa hiyo katika safari isiyozidi siku chache gari hupita juu ya chumvi, mchanga, kokoto na mawe makali, na maandalizi yanayofaa sehemu moja huweza kuwa madhara katika nyingine.

Jambo la kwanza kuamuliwa ni majira, na hapa hakuna ujanja wa dereva unaoweza kufidia uamuzi mbaya. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na ingawa kiasi chake katika bonde la Chalbi ni kidogo sana, maji yanayoleta matatizo mara nyingi huwa yamenyesha mbali, juu ya Marsabit, Huri au Kulal, kisha yakateremka hadi bondeni chini ya anga lisilo na wingu. Njia ambayo maji hayo huifuata huitwa laga, neno linalotumika kote kaskazini mwa Kenya kwa mto mkavu wa mchanga ambao hujaa kwa ghafla na kukauka tena baada ya saa au siku chache. Laga haifai kupigwa kambi hata ikiwa na miti mizuri ya kivuli, na ikiwa na maji yanayotiririka haifai kuvukwa; atakayesubiri ukingoni hupoteza siku moja, na anayejaribu kuvuka huweza kupoteza gari na watu. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayopendekezwa, ikifuatwa na Januari na Februari, ambayo ni mikavu lakini yenye joto kali zaidi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya usomwe wiki moja kabla, kisha usomwe tena asubuhi ya kuondoka Marsabit, na mpango uwe na siku mbili zisizo na kazi yoyote, zilizowekwa kwa ajili ya kungoja ardhi ikauke. Mpango usio na siku za namna hiyo humlazimisha dereva kuingia kwenye tope kwa sababu ya tarehe ya kurudi kazini.

Njia ya kawaida huanzia Isiolo, ambapo barabara ya lami inayoelekea Moyale hupita Archers Post na Laisamis hadi Marsabit, mwendo wa takriban kilomita 260. Barabara hiyo, ambayo zamani ilihesabiwa miongoni mwa njia mbovu kabisa nchini, imemfanya mgeni afike kwenye mlango wa jangwa akiwa hajachoka na gari lake halijajaribiwa, jambo ambalo lina hasara yake: kasoro zilizokuwa zikijidhihirisha kwenye mashimo ya barabara hiyo sasa hujidhihirisha Chalbi. Kutoka Marsabit msafiri huelekea Bubisa, kisha huiacha lami na kupita Maikona, Kalacha na North Horr hadi Loiyangalani kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, umbali wa kati ya kilomita 250 na 300 kwa kutegemea njia anayoichagua. Kurudi kunaweza kufuata South Horr, Baragoi na Maralal, au kushika barabara ya changarawe inayotoka eneo la Sarima hadi Laisamis, ambayo ilikarabatiwa kwa takriban kilomita 208 ili magari makubwa yabebe mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyosimikwa huko. Barabara hii ya mwisho ndiyo mlango wa dharura wa safari nzima, na inafaa ichorwe kwenye ramani kwa wino wa rangi tofauti.

Uchaguzi kati ya njia hizo hauamuliwi na mandhari peke yake. Wizi wa mifugo wa kutumia silaha umekuwa tatizo la muda mrefu katika kaunti za kaskazini, na mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kaunti sita, Samburu, inayopitiwa na njia ya Baragoi na Maralal, ikiwa mojawapo, kuwa maeneo yenye machafuko na hatari. Hali hubadilika kwa wiki, hivyo taarifa ya mwezi uliopita haina thamani kubwa. Anayepanga safari aulize kwenye vituo vya polisi vya Marsabit, North Horr na Loiyangalani, aulize pia kwa madereva wa malori ya mifugo, ambao mara nyingi hujua zaidi na husema wazi zaidi, na majibu yakitofautiana afuate lile la tahadhari. Kuchukua mwongozaji mwenyeji kutoka Marsabit au Maikona si anasa, kwa kuwa yeye hujua njia iliyokauka na iliyo bado bichi, hujua lugha, na uwepo wake ndani ya gari hujibu maswali ambayo wageni peke yao wasingeweza kuyajibu.

Baada ya njia huja hesabu ya uzito, ambayo ndiyo moyo wa maandalizi na ndiyo hufanywa na wachache. Kila gari lina kiwango cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji, yaani tofauti kati ya uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa, na kwa magari mengi ya aina ya stesheni wagoni yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne kiwango hicho huwa kati ya kilo 600 na 700, abiria wakiwemo. Ichukuliwe kuwa watu ni wanne wenye wastani wa kilo 75 kila mmoja: kilo 300 zimekwisha kabla ya kupakia sufuria moja. Maji ya kunywa katika joto la nyuzi 35 hadi 40 yasikadiriwe chini ya lita sita kwa mtu kwa siku, na ya kupikia na usafi mdogo lita mbili, hivyo kwa siku tatu za mwendo na siku tatu za kukwama watu wanne wanahitaji lita 192, ambazo ni kilo 192. Jerikeni nne za dizeli za lita 20 kila moja zina takriban kilo 67 bila kuhesabu vyombo vyenyewe. Tairi la akiba la pili pamoja na ringi yake ni kilo 30 na zaidi, na vifaa vya ufundi na vya kujikwamua havipungui kilo 50. Jumla imekwisha kukaribia kilo 640, na bado hakuna chakula, hema wala jokofu la soda.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba vitu vingi vinavyouzwa kwa wapenda safari, kuanzia taa kumi za paa hadi hema la kukunjuka juu ya keria, hulipwa kwa maji, kwa kuwa gari lililozidishiwa mzigo huvunja springi, hupasua tairi na huzama mahali ambapo gari jepesi lingepita. Keria nayo, yaani chuma cha kubebea mizigo juu ya paa, ina kikomo chake, na jerikeni zikipangwa huko gari huwa zito juu na kupinduka kwa urahisi kwenye mteremko wa mchanga. Maji na mafuta yakae chini, katikati ya ekseli mbili. La pili ni kwamba magari mawili yenye watu wawili wawili ni salama kuliko gari moja lenye wanne, si kwa sababu ya kampani, bali kwa sababu mzigo hugawanyika, gari moja huweza kuvuta jingine, na moja likifa kabisa watu wote huweza kuondoka wakiwa wameketi ndani ya lile lililobaki. Gari la pili ndilo kifaa kikubwa cha uokoaji, na hakuna winchi inayoweza kuchukua nafasi yake katika tambarare isiyo na mti wa kufungia kamba.

Mafuta yahesabiwe kwa lita za ardhi mbaya. Gari la dizeli linalotumia lita 13 kwa kilomita 100 kwenye lami huweza kutumia lita 20 au zaidi kwenye mchanga na gia nzito, hivyo kwa mzunguko wa kilomita 600 kutoka Marsabit zinahitajika lita 120, na juu yake theluthi moja ya akiba, jumla lita 160. Dizeli huweza kupatikana North Horr na Loiyangalani, mara nyingi ikichotwa kutoka kwenye mapipa, lakini mpango usitegemee pipa ambalo huenda limekauka jana. Kinachopatikana huko kiwe ziada, na kipitishwe kwenye kitambaa safi au chujio kabla ya kuingia tangini, kwa maana uchafu na maji ndani ya dizeli huziba pampu. Maji yahesabiwe kwa ukali huohuo. Visima vya Kalacha na North Horr vipo, lakini maji ya ukanda huo mengi yana chumvi, na Ziwa Turkana lenyewe lina magadi na floridi nyingi, hivyo halifai kuwa tegemeo la kunywa. Msafara wa wavumbuzi wa Ulaya Count Teleki na Ludwig von Höhnel, ambao wapagazi wake wengi walitoka Zanzibar na Pangani, na ambamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, alishiriki, ulilifikia ziwa hilo Machi 1888 ukiwa umeishiwa maji, na watu walioukimbilia ufuo waliyakuta maji hayo yakiwa na ladha ya magadi. Maji yagawanywe katika vyombo vingi vidogo badala ya pipa moja, ili tundu moja lisimalize akiba yote.

Katika mitambo, tairi ndilo linalostahili maelezo marefu, kwa kuwa ndilo linaloharibika mara nyingi zaidi na ndilo ambalo dereva anaweza kulitawala kila siku. Tairi lina sehemu mbili zinazohusika hapa: mkanyago, yaani uso mnene unaogusa ardhi, na ukuta, yaani upande mwembamba ulio kati ya mkanyago na ringi. Mawe ya Dida Galgalu na ya kusini mwa ziwa hukata ukuta, na tairi lililokatwa ukutani halizibiki njiani kwa namna ya kuaminika. Kwa hiyo yanunuliwe matairi ya kazi nzito, yale yanayotengenezwa kwa ajili ya malori mepesi, yasiwe ya zamani hata kama mkanyago wake unaonekana mzima, na gari libebe matairi mawili ya akiba badala ya moja. Vibebwe pia vizibo vya pancha, tyubu moja au mbili zinazolingana na ringi, vyuma vya kufungulia tairi, na kompresa, yaani mashine ndogo ya kujaza upepo inayotumia betri ya gari. Inafaa safari isianze kabla kila dereva hajafungua na kufunga tairi moja kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani, kivulini, akiwa na muda wa kugundua kuwa spana ya magurudumu haiingii kwenye nati.

Upepo wa tairi, unaopimwa kwa pauni na mafundi wengi wa pancha, hubadilishwa kulingana na ardhi. Kwenye lami, gari likiwa na mzigo, pauni 36 hadi 40 hufaa. Kwenye changarawe na mawe zishushwe hadi karibu 28 au 30, kiwango kinachoruhusu mkanyago kujikunja kidogo juu ya jiwe badala ya kupigana nalo. Kushusha zaidi ya hapo kwenye mawe ni kosa, kwa kuwa ukuta hutanuka na kujitokeza nje, ukakatwa. Kwenye mchanga laini, na kwenye ganda la chumvi linaloanza kutitia, zishushwe hadi kati ya 16 na 20, na hapo tairi hurefuka ardhini, uzito wa gari husambaa, na gari lililokuwa likichimba huanza kuelea. Faida hii ni kubwa kuliko ya kifaa chochote cha gharama, lakini ina masharti yake: mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, usukani usikatwe kwa ghafla ili tairi lisichomoke kwenye ringi, na upepo urudishwe mara ardhi ngumu inapoanza, kwa maana tairi laini linalokimbia kwenye barabara ngumu hupata joto ndani ya kuta zake na kupasuka. Uvivu wa dakika 20 za kujaza upepo ndio chanzo cha matairi mengi yaliyotupwa kando ya njia za kaskazini.

Sehemu nyingine za gari zinaweza kupitiwa kwa ufupi zaidi. Barabara za changarawe huwa na matuta madogo ya mfululizo yanayotikisa gari kwa saa nyingi, na mtikisiko huo hulegeza nati, hupasua mabano ya betri na huvuruga shokabzoba. Kila jioni, kabla ya kupika, mtu mmoja alale chini ya gari na spana akague. Vibebwe pia mkanda wa feni, mipira ya rejeta, chujio la dizeli, chujio la hewa, fyuzi, waya, oili na kipande cha turubai cha kulalia chini ya gari. Gari la zamani ambalo fundi wa Marsabit analijua lina faida juu ya gari jipya ambalo haliwezi kuwashwa bila kompyuta ya wakala wake Nairobi, na hukumu hii isichukuliwe kuwa chuki dhidi ya mambo ya kisasa.

Juu ya ganda la chumvi kanuni ni kufuata alama za magurudumu zilizopo na kutoanzisha njia mpya, hata pale ambapo ardhi ya pembeni inaonekana laini na ya kupendeza. Rangi husaidia: sehemu nyeupe iliyokauka kabisa kwa kawaida hubeba gari, ilhali sehemu iliyogeuka kahawia au kung'aa huashiria unyevu, na penye shaka mtu ashuke, atembee mbele hatua mia kadhaa na kuchoma ardhi kwa fimbo. Mchana, joto linapopanda, huonekana mazigazi, yaani taswira ya maji na miti inayoelea juu ya tambarare kwa sababu ya miale kupinda katika hewa moto, nayo humfanya dereva akadirie umbali vibaya na kuacha njia kwa kufuata kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo simu yenye ramani zilizopakuliwa mapema, kifaa cha GPS kinachojitegemea, ramani ya karatasi na dira vyote vibebwe, na mwelekeo uhakikiwe mara kwa mara kwa kuangalia Kulal na Marsabit. Gari likianza kukwama, dereva aache kukanyaga mafuta mara moja, kwa kuwa kila mzunguko wa ziada huchimba kaburi refu zaidi la kufukuliwa kwa koleo. Kinachofuata ni kazi ya mikono: kuondoa mchanga au tope mbele ya magurudumu yote, kupunguza upepo, kuweka vibao vya kutokea chini ya matairi, kufunga difu kama gari lina uwezo huo, yaani kuyalazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke kwa kasi ileile, kisha kutoka polepole kwa njia ileile gari lililoingilia. Gari la pili likivuta, kamba ifungwe kwenye pete imara zilizoungwa na chasisi. Isifungwe kamwe kwenye tufe la kuvutia trela, ambalo likikatika huruka kwa nguvu ya kuua mtu, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba.

Mawasiliano yapangwe kabla ya kuondoka na mtu mmoja anayebaki nyumbani, ambaye si lazima awe mtaalamu ila awe mwaminifu wa saa. Huyo apewe kwa maandishi majina ya wasafiri, namba za magari, njia, mahali pa kila usiku, na namba za vituo vya polisi vya njiani. Wakubaliane ujumbe utumwe kila jioni saa moja, na waandike nini kitafanyika usipofika: kwa mfano, ukikosekana jioni moja asubiri hadi asubuhi, ukikosekana hadi adhuhuri apige simu kituo cha mwisho kilichotajwa. Minara ya simu ipo katika miji midogo kama Maikona, North Horr na Loiyangalani, lakini kati ya miji hiyo mtandao hupotea kwa masafa marefu, hivyo kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kinastahili kununuliwa au kukodiwa kabla ya taa yoyote ya paa, na masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu vifaa hivyo yaulizwe mapema. Gari likisimama kabisa, watu wakae nalo. Gari huonekana kutoka angani na kutoka mbali, huwa na kivuli, maji na kioo cha kuakisia jua, ilhali mtu anayetembea mchana kwenye Chalbi hutumia maji mara kadhaa zaidi na haonekani.

Kuhusu afya, joto lipewe nafasi ya kwanza mbele ya nyoka. Mtu anayeacha kutoa jasho huku mwili ukiwa wa moto, au anayeanza kuchanganyikiwa na kusema maneno yasiyoeleweka, yuko katika hatari ya kufa na anapaswa kuwekwa kivulini, kumwagiwa maji na kupepewa bila kungoja, hata kama maji hayo yalikuwa ya akiba. Kwa upungufu wa maji mwilini, mahali ambapo pakiti za dawa hazipo, mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, hutosha kuanzia. Kipiribao wa jangwani, nyoka mdogo anayepatikana katika ukanda huo, ana sumu inayozuia damu kuganda. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, kidonda kisikatwe wala kunyonywa wala kufungwa kamba ya kukaza, na aelekezwe hospitali kubwa ya Marsabit. Viwanja vidogo vya ndege vipo North Horr, Kalacha na Loiyangalani, na huduma ya uanachama ya Amref Flying Doctors inayogharimia ndege ya wagonjwa inapatikana kwa fedha ambazo haziwezi kulinganishwa na gharama ya kukodi ndege siku ya msiba.

Jangwa hili lina wenyewe. Wagabra, Warendille, Waturkana, Wasamburu na Waelmolo huishi na kuchunga humo, na visima vinavyoonekana vimeachwa huwa na zamu na wasimamizi wanaojulikana. Katika ukame uliotokana na misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mifugo mingi ya kaunti hizi ilikufa, na mgeni anayeosha gari kisimani baada ya miaka kama hiyo hufanya tusi ambalo hatasamehewa kwa kuwa alikuwa hajui. Maji yaombwe kwa mzee wa mahali, kambi ipigwe mbali na kisima ili ngamia wasiogope kusogea, picha zisipigwe bila idhini, na takataka zote zirudi Marsabit. Gari lisitembee usiku: jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, giza hufuata upesi, na ngamia aliyesimama njiani haonekani hadi amekwisha kugongwa, jambo ambalo huzaa majeruhi, deni na uhasama kwa pamoja. Ni vyema kusimama kufikia saa kumi, kabla upepo mkali wa upande wa ziwa haujaanza kung'oa mahema.

Kwa msingi wa hayo yote, anayekosa gari la pili, au asiye na uwezo wa kubeba maji ya siku tatu za kukwama, asiingie Chalbi. Atumie barabara ya Laisamis na Sarima katika kiangazi, afike South Horr na, taarifa za usalama zikiruhusu, Loiyangalani, aone ziwa na kurudi kwa njia ileile. Ama aliache gari lake Marsabit na akodi magari mawili pamoja na madereva wenyeji, ambao wataivuka tambarare hiyo kwa usalama zaidi na kwa gharama ndogo kuliko ya kulivuta gari moja kutoka kwenye tope la North Horr.